Aila Zetu na Karatasi za Watafiti

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019, Kenya nzima ilipokuwa ikihisabiwa watu, nilikuwa nimeketi barazani kwa shangazi yangu, Mji wa Kale, Mombasa, nikingoja chai ya tangawizi. Akaja kijana mmoja mpole, kitambulisho kinaning'inia shingoni na kimashine cha kuandikia kiko mkononi, kwani mwaka ule serikali ilikwisha acha makaratasi. Akabisha hodi kwa adabu, akaamkia, "Nashika moo, bibi," akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu, karibu." Kisha akauliza alilotumwa.

"Bibi, mkuu wa kaya hii ni nani?"

Shangazi akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye. "Kaya ziko Rabai na Kinondo, baba. Hapa ni nyumbani kwetu."

Nilicheka, na yule kijana naye akacheka, maana alikuwa mtoto wa Kisauni na alijua bibi anasema nini. Kwa mtu wa Pwani kaya ni ile misitu mitukufu ya Wamijikenda walimokaa wazee wao, ambayo baadhi yake iliingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2008. Lakini katika lugha ya sensa kaya ni watu wanaokaa pahala pamoja, wakala chungu kimoja, wakawa chini ya mkuu mmoja.

Basi, ndugu msomaji, nikuhadithie nyumba yenyewe. Chini anakaa mtoto wa ami yangu, na mkewe, na watoto wao watatu. Bwana huyu ana mke mwengine Likoni, na usiku ule zamu ilikuwa ya Likoni. Juu anakaa shangazi, ambaye nyumba ni yake, aliachiwa na baba yake. Pamoja naye yuko dada yangu aliyeachwa, na wanawe wawili. Na yuko binti wa ndugu yangu mdogo. Baba wa binti huyu anafanya kazi Maskati, na mama yake ameolewa tena Malindi. Shangazi alimpokea akiwa na miezi minane, na tangu aanze kusema humwita shangazi "mama". Wala si wa kwanza. Mimi pia ni shangazi huyo huyo aliyenilea, tangu nilipokuwa wa kwenda chuoni na juzuu ya Amma kwapani, hali mama yangu mzazi alikuwa mtaa wa pili tu, na hapana mtu aliyewahi kuuliza kwa nini.

Tukaja kwenye chungu. Mchana mke wa mtoto wa ami hupika chake peke yake chini. Usiku chakula ni kimoja, wali wa shangazi na mchuzi wa dada yangu, na kila jioni sahani iliyofunikwa kawa hutoka ikavuka njia kwenda kwa ami mzee, ambaye halali katika nyumba ile wala hapiki katika nyumba yake. Kijana akauliza, "Bibi, mnakula chungu kimoja?" Shangazi akamwuliza, "Mchana au usiku?"

Alikaa nasi kiasi cha saa nzima, na chai akanywa. Alipoondoka tulikuwa tumeandikwa hivi: kaya moja chini, mkuu wake mwanamke, kwa kuwa mumewe hakulala hapo, kaya moja juu, mkuu wake mwanamke, na ng'ambo ya njia, mzee anayeishi peke yake. Yule binti, ambaye kwa mkuu wa kaya si mtoto wala si mjukuu wala si mkwe, aliwekwa katika fungu la "jamaa mwengine". Hapakuwa na uwongo hata mmoja katika majibu yale. Walakini aila moja iliyokuwa ikila pamoja usiku ule ule imekuwa, kwa hisabu ya kimashine, wanawake wawili wasio na waume, mzee mpweke, na mtoto asiyejulikana ni wa nani.

Laiti mambo yangeishia kwenye kicheko cha barazani, nisingeandika makala haya. Mwanzoni mwa 2020 yule binti alipata nafasi katika shule ya sekondari, na shangazi akashika njia kwenda ofisi moja ya misaada ya karo, ambayo sitaitaja. Nilikwenda naye. Karani akaisoma fomu, akauliza kama baba yuko hai. Yuko. Na mama? Yuko. "Basi huyu si yatima, na wewe bibi si mzazi wake wala si mlezi wake kwa sheria. Lete cheti cha kifo au lete amri ya korti." Shangazi akainuka pole pole, akashika mkongojo wake. "Mwanangu," akamwambia, "wataka nimwue yupi?"

Mwaka ule mtoto hakupata kitu. Tulichangishana sisi kwa sisi, na baba yake akatuma alichotuma kutoka Maskati. Yule karani simlaumu. Hakuwa mtu mbaya. Alisoma kilichoandikwa na akafuata. Mimi nataka kujua aliyeiandika fomu alikuwa akitazama aila ya nani.

Fomu haziandikwi hewani. Anayetunga sheria, anayegawa misaada, anayefundisha maafisa wa ustawi wa jamii, wote huanza na vitabu na takwimu za watafiti. Utafiti mkubwa wa nchi hii juu ya uzazi, ndoa na afya ya watoto, ule unaopita nyumba kwa nyumba, ulifanywa 1989, ukarudiwa 1993, ukarudiwa tena 1998. Mara zote tatu Mkoa wa Kaskazini Mashariki uliachwa nje, pamoja na baadhi ya wilaya nyengine za kaskazini. Ni 2003 ndipo nchi yote ilipoingizwa. Maana yake ni kwamba kwa miaka yote ile, kitabu kilipoandika "mama wa Kenya" huzaa wangapi na huolewa akiwa na umri gani, mama wa Kisomali wa Wajir na Mandera hakuwamo. Sababu zilizotolewa ni umbali wa safari na uchache wa watu. Mimi nasema mtu aliyeachwa kwa sababu yuko mbali ataendelea kuwa mbali, kwa kuwa hospitali nayo hujengwa kwa hisabu zile zile.

Sisi wa Pwani hatukuachwa. Tulihisabiwa, lakini katika mstari mmoja: "Pwani". Ndani ya mstari huo yuko Mtaita wa milimani, Mgiriama wa Ganze, Mpokomo wa Mto Tana, Muorma na ng'ombe wake, Mbajuni wa Faza, Mmvita wa Kibokoni, na yule aliyekuja bandarini kutafuta kazi akakaa. Ukiwachanganya hawa ukatoa wastani wao, utapata mtu ambaye hapana aliyewahi kumwona. Hata jina letu limekuwa tabu. Sensa ya 1969 iliwaandika Wabajuni peke yao, na Waswahili ikawafunga pamoja na Washirazi, hali mtu wa Mombasa, akiulizwa kabila, angetaja taifa lake katika yale Thenashara Taifa: Mchangamwe, Mkilindini, Mtangana, Mjomvu, Mmtwapa, na wenziwe. Nasi tukilalamika twaambiwa kwamba Mswahili hana kabila. Haya, hana kabila, lakini ana shangazi.

Watu watasema: mbona kuna vitabu tele juu ya Waswahili? Ni kweli, tena vyengine vizuri sana. Wa kwanza kuyaandika mambo haya kwa kalamu ya mwenyewe alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye Desturi za Waswahili zake zilitiwa chapa Ujerumani mwaka 1903. Humo utakuta uzazi, jando, posa, harusi na kifo, yameelezwa na mtu aliyeyaona akiwa ndani ya nyumba. Tangu hapo wengi waliofuata wamekuwa wageni, na mgeni, hata akiwa mwema, huona baraza kabla ya kuona ndani.

Nitoe mfano wa Lamu, maana unaeleza jambo zima. Wale waungwana wa mji wa mawe walikuwa na desturi ya kumpa binti nyumba anapoolewa. Mume ndiye anayehamia kwa mke. Baba mwenye mabinti wawili aliweza kuongeza ghorofa juu ya ile ya kwanza, na mara nyengine nyumba mbili zilizotazamana ziliungwanishwa kwa chumba kilichojengwa juu ya njia, kinachoitwa wikio, ili wanawake wapate kwendeana bila ya kushuka chini. Wataalamu wa majengo na wa elimu ya jamii wamelieleza hili vizuri, na John Middleton amelitia katika kitabu chake kikubwa cha 1992 juu ya ulimwengu wa Waswahili. Sasa mpeleke mwenye kimashine chini ya wikio umwulize, "Hapa pana kaya ngapi?" Na umwulize nini maana ya nyumba inayomilikiwa na mwanamke. Katika vitabu vya umasikini, kaya yenye mkuu mwanamke ni dalili ya shida: mume amekufa, au amekimbia. Katika Lamu ya zamani, mwanamke mwenye nyumba yake alikuwa ni alama ya hishima ya baba yake. Shangazi yangu ni mwenye nyumba, na akisikia kwamba ameandikwa katika fungu la wanaohurumiwa atacheka mpaka akohoe.

Tena kuna jambo la talaka. Ni kweli kwamba talaka kwetu ni nyingi, na sitaki kuzipamba. Nimeona watoto ambao baba zao wamesahau nafaka na nguo zao, na wako watu wakubwa katika miji yetu wanaoswali safu ya mbele na hawajatoa matumizi mwaka mzima. Lakini mtafiti akiandika "aila iliyovunjika" kila anapokuta mwanamke aliyeachwa, amechukua neno la kwao akalivika kwetu. Dada yangu alipoachwa hakuvunjika. Alirudi kwao, na kwao kulikuwa na chumba chake. Kilichovunjika ni ndoa. Aila ilikuwako ikingoja na sufuria motoni.

Aliyeona hivi kwa macho mapana ni Susan Hirsch, mwanamke wa Kimarekani aliyekwenda kukaa katika mahakama za Kadhi za Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980, akasikiliza kesi na kuzirikodi. Kitabu chake cha 1998 kinaonyesha kinyume cha wanayodhani wengi wa ng'ambo: wanaopeleka mashtaka zaidi ni wanawake, na mara nyingi hushinda. Yule mwanamke wa Kiislamu anayedhaniwa kuwa amenyamaza, alikuwa amesimama mbele ya Kadhi akihisabu siku asizopewa matumizi. Na makabati ya Kadhi yamejaa habari za aila za Pwani, miaka juu ya miaka. Ningekuwa mwenye chuo kikuu ningepeleka wanafunzi huko kabla ya kuwatuma kubisha hodi majumbani.

Na mimi kama mshairi nina neno moja dogo pembeni. Watafiti wengi wakitaka kujua hali ya mke wa Kiswahili hukimbilia Utendi wa Mwana Kupona, alioutunga yule bibi wa Pate kiasi cha mwaka 1858 kumwusia binti yake. Ni utendi mtukufu, nami nimeusoma mara nisizoweza kuzihisabu. Lakini ni wasia, si sensa! Mama anayekaribia kufa anamwambia binti yake inavyofaa kuwa. Kuuchukua ukasema hivi ndivyo wake wa Pwani wanavyoishi ni kama kusikiza hutuba ya Ijumaa ukaandika kwamba watu wote wa mji huu hawasengenyi.

Kitabu ninachokipenda kupita vyote katika jambo hili ni kile cha Sarah Mirza na Margaret Strobel, Three Swahili Women, kilichotoka 1989, na maneno yake ya asili ya Kiswahili yakachapishwa baadaye. Wale wawili hawakuuliza mkuu wa kaya ni nani. Waliwawashia rikoda akina mama watatu wa Mombasa, wakawaacha waseme: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Mmoja ni wa ukoo wa wenye mji, mmoja wazee wake walikuwa watumwa, na kila mmoja ana Mombasa yake. Mishi alikuwa akifundisha wari mambo ya unyumba, na anayoyasema hutayasikia kwa mkuu wa kaya yoyote.

Hapo ndipo nasi tunapofaa kujitazama. Mtafiti akija Mji wa Kale tunampeleka kwa nani? Kwa wenye majina. Tunamwonyesha milango ya nakshi, tunamweleza nasaba mpaka Hadhramaut au Shiraz, na wale ambao wazee wao walilima mashamba ya wenye nasaba hizo tunawapita kimya. Mimi mwenyewe nimewahi kufanya hivyo, kijana mmoja wa chuo kikuu aliponiomba nimtafutie watu wa kuzungumza nao. Nilimpa majina sita, na nilipofika nyumbani nikajua kuwa sita wote ni wa mitaa mitatu na misikiti miwili. Na Waboni, au Waaweer kama wanavyojiita, ndugu zetu Waislamu wa misitu ya Lamu? Ni nani kati yetu anayeweza kumweleza mtafiti jinsi wanavyoitana kaka na dada? Tunanung'unika kwamba Nairobi haituoni, na nyuma yetu wako tusiowaona.

Turudi kwenye sheria, maana huko ndiko gharama iliko. Sheria ya Urithi iliyopitishwa 1972 ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na ilikusudiwa kuwa moja kwa watu wote wa Kenya. Waliokumbuka enzi zile wanajua masheikh walivyopinga, kwani mafungu ya mirathi yamekwisha gawiwa katika Suratun Nisaa, na hapana bunge la kuyagawa upya. Ilichukua hadi 1990 sheria ile kurekebishwa na Waislamu wakatolewa. Miaka tisa! Na katika miaka hiyo watu walikufa, na mali zao ziligawiwa. Katiba ya 2010 imezithibitisha mahakama za Kadhi katika ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu, wakiwa wote wanaohusika ni Waislamu na wamekubali. Na mwaka 2022 Sheria mpya ya Watoto ililitia neno kafala: Mwislamu kumchukua mtoto aliyekosa malezi ya wazazi akamlea kwa sheria ya dini, bila ya kumpa ukoo usio wake. Jambo hili tulilijua tangu tulipofika Suratul Ahzab chuoni, kwamba mtoto wa kulea huitwa kwa jina la baba yake. Afisa aliyejua njia mbili tu, mzazi au kuasili mtoto, sasa anayo ya tatu.

Nimefurahi, lakini si sana. Kafala imewekwa kwa mtoto aliyekosa malezi. Binti yetu hakukosa chochote. Ana baba anayetuma fedha kila mwezi, ana mama anayekuja kila Idi na nguo mpya, na ana shangazi anayemwita mama. Hakuokotwa na mtu. Alipewa, kama nilivyopewa mimi, kwa sababu shangazi hakujaliwa mtoto na nyumba ile ilikuwa kimya mno. Neno la kisheria la mtoto aliyetolewa kwa mapenzi, na wazazi wake wako hai wote wawili, bado sijalisikia.

Alimaliza sekondari mwishoni mwa 2023. Juzi amepata fomu nyengine, ya mkopo wa kusomea juu, na safari hii kaijaza mwenyewe, mezani kwa shangazi, mimi nikisoma gazeti. Penye mzazi aliandika jina la shangazi. Penye uhusiano alisita, akaandika "mama aliyenilea".

"Wameuliza tena habari za kaya?" shangazi akasema kutoka kitandani.

"Wameuliza, mama. Wataka idadi."

"Ukawaandikiaje?"

"Watu kumi, na babu wa ng'ambo ya njia wa kumi na moja."

"Na baba yako wa Maskati, je?"

Binti akaitazama fomu. "Nafasi imekwisha, mama."